Wosia wa Ulva: Nasaba, Historia ya Mahali na Ukweli katika Utangulizi wa Livingstone

Kwetu sisi wa Kongo David Livingstone husomwa kuanzia mwisho. Mwanafunzi humkuta Kabambare na Nyangwe, mzee mgonjwa aliyekosa mitumbwi ya kuvukia Lualaba, akiandika kwa wino wa mmea juu ya kurasa za gazeti kuukuu. Ni wachache wanaorudi nyuma hadi kwenye utangulizi wa kitabu chake cha kwanza, Missionary Travels and Researches in South Africa, kilichotolewa na John Murray mjini London mwaka 1857. Utangulizi huo ni mfupi, na wasomaji wengi huuruka ili wamfikie upesi simba na maporomoko ya Zambezi. Hata hivyo, kwa mtu ambaye kazi yake ni mapokeo, nasaba na sanaa ya mtu kujieleza, kurasa hizo zina utajiri ambao sura nyingi za safari hazinao.

Makala haya yanakusudia kuuhakiki utangulizi huo kwa kuuweka kando ya historia ya mahali pawili: kisiwa cha Ulva, kilicho karibu na kisiwa kikubwa cha Mull magharibi mwa Uskoti, na kijiji cha viwanda cha Blantyre kwenye mto Clyde, juu kidogo ya mji wa Glasgow. Kutafuta mizizi ya ukoo ni shughuli kubwa Uskoti. Wajukuu wa waliohama hutoka Kanada, Marekani, Australia na New Zealand wakiwa na orodha ya majina mkononi, nao huyaona maneno ya Livingstone kuwa kielelezo cha namna familia maskini inavyoweza kujua ilikotoka. Swali letu ni hili: maandishi hayo ni ushahidi wa nasaba, au ni utungo wa nasaba? Na kama ni utungo, umetungwa kwa faida gani?

Tueleze kwanza yaliyomo. Livingstone anasema baba wa babu yake alianguka katika vita vya Culloden, akiupigania ukoo wa wafalme wa zamani. Vita hivyo vilipiganwa tarehe 16 Aprili 1746. Babu yake alikuwa mkulima mdogo wa Ulva, na baba yake alizaliwa huko huko. Babu huyo aliweza kueleza habari za wazee wake kwa vizazi sita vilivyomtangulia, na ghala lake la hadithi lilikuwa halina mwisho. Bibi naye aliimba nyimbo za Kigaeli, na nyingine aliamini zilitungwa na watu wa visiwani waliochukuliwa mateka na Waturuki. Kisha yanafuata mambo mawili: kisa cha mzee mmoja wa ukoo aliyewaita wanawe alipokuwa akifa ili awape wosia, na kisa cha jinsi wazee walivyoacha dini ya Kikatoliki wakafuata Uprotestanti. Baada ya hapo familia inahamia Blantyre, na mtoto anaingia kiwandani akiwa na umri wa miaka kumi.

Tuanze na jina lenyewe, kwa kuwa hapo ndipo watafutaji wengi hupotea. Livingston ni mahali katika nyanda za chini za Uskoti, magharibi ya Edinburgh, na kulikuwa na mabwana wakubwa wenye jina hilo, waliopata kuwa watawala wa Linlithgow. Mtu akifuata jina peke yake atafika kwenye makasri yao, na huenda akafurahi. Lakini watu wa Ulva hawatoki huko. Katika nchi ya Argyll jina Livingstone lilivishwa juu ya majina ya Kigaeli, kama vile Mac an Lèigh, wakati makarani na wachungaji walipotaka jina linaloandikika kwa Kiingereza. Hata ile herufi ya mwisho ni ya baadaye: katika barua zake za ujana David aliandika Livingston bila kuiongeza. Basi jina hapa ni nguo, si mwili. Historia ya mahali ndiyo inayomwelekeza mtafutaji kwenye kisiwa cha Lismore, ambako Livingstone wa Bachuil wamekuwa walinzi wa bakora ya Mtakatifu Moluag tangu enzi za kale, na kwenye jeshi la Stewart wa Appin, lililokuwa na watu wa jina hilo siku ya Culloden.

Je, baba wa babu alikuwamo? Orodha ya askari wa mwanamfalme Charles Edward ilikusanywa na watafiti wa baadaye kutokana na vipande vipande vya nyaraka, nayo ilichapishwa mwaka 1984. Orodha ya namna hiyo ina nguvu kwa maofisa na kwa wafungwa, kwa sababu hao waliandikwa na serikali iliyowashinda. Kwa mkulima aliyekufa uwanjani haina la kusema kwa hakika. Kwa hiyo dai la Livingstone halithibitiki wala halitanguki. Tunaloweza kulisema ni kwamba mwaka 1857 dai hilo halikuwa na hatari yoyote. Miaka mia moja na zaidi ilikuwa imepita, Walter Scott alikwisha kuugeuza uasi wa 1745 kuwa simulizi tamu, na Malkia Victoria mwenyewe alikuwa na kasri katika nyanda za juu za Uskoti. Aliyekuwa mwasi kwa babu alikuwa pambo kwa mjukuu. Livingstone anamtaja Scott waziwazi: anasema babu yake alizijua zote zile hadithi ambazo mwandishi huyo alizitumia baadaye katika vitabu vyake. Hapo mhakiki anapaswa kusimama kidogo. Scott alianza kuzichapisha hadithi zake za babu mwishoni mwa mwaka 1827, wakati Livingstone alikuwa kijana wa miaka kumi na minne mwenye njaa ya vitabu. Kilichotoka kinywani mwa babu na kilichotoka kitabuni vilikwisha kuchanganyika kichwani mwake kabla hajaandika neno.

Kisa cha kubadili dini kinaonyesha mchanganyiko huo kwa namna iliyo wazi zaidi. Livingstone anasimulia kwamba bwana wa ardhi alipita akiwa na mtu aliyeshika fimbo ya manjano, na kwamba fimbo hiyo iliwavuta watu kuliko mahubiri, hata dini mpya ikaitwa kwa jina la fimbo. Ni kisa kizuri, chenye kejeli ya watu wadogo dhidi ya wakubwa. Tatizo ni kwamba kinasimuliwa kwingineko pia. Samuel Johnson, aliyezuru visiwa hivyo pamoja na Boswell mwaka 1773 akalala Ulva usiku mmoja wa Oktoba, alikiandika katika kitabu chake cha 1775 kama habari ya kisiwa cha Rum, na bwana mwenye fimbo alikuwa Maclean wa Coll. Kule Uist ya Kusini kisa kama hicho humhusu MacDonald wa Boisdale, aliyejaribu kuwalazimisha wapangaji wake Wakatoliki yapata mwaka 1770.

Wanafunzi wa fasihi simulizi watakitambua mara moja kisa cha aina hii. Ni kisa kinachosafiri. Kikifika mahali hupata bwana wa pale na ukoo wa pale, kikawa historia. Hapa lakini historia ya mahali inatupa jambo zaidi ya kutambua tu. Ulva ilikuwa ya wakuu wa ukoo wa MacQuarrie kwa karne nyingi, hadi mkuu wa mwisho alipolazimika kuiuza mwaka 1777 kwa sababu ya madeni. Haukupita muda mrefu kikaingia mikononi mwa familia ile ile ya MacDonald wa Boisdale, na Ranald MacDonald wa familia hiyo ndiye aliyemkaribisha Scott kisiwani mwaka 1810. Tunathubutu kudhani kwamba kisa cha fimbo kilikuja Ulva pamoja na mabwana wapya, au pamoja na watumishi wao, na kwamba wapangaji walikipokea kama chao kwa kuwa kiliwaeleza mabwana wote kwa pamoja. Ni dhana tu. Lakini ikiwa ni kweli, familia ya Livingstone haikukumbuka tendo la karne zilizopita. Ilikumbuka uchungu wa jana uliovaa nguo za zamani. Hilo halikipunguzii kisa thamani, bali linatueleza ni cha wakati gani.

Mtu atauliza: kwa nini basi tusiende kwenye daftari? Daftari zipo, na Uskoti ina bahati kubwa katika jambo hili kuliko nchi nyingi. Lakini ramani ya daftari si ramani ya watu. Vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia za visiwa vya magharibi vingi vinaanza kuchelewa, baada ya nusu ya kwanza ya karne ya 18, wakati parokia kadhaa za mashariki zina vitabu tangu karne ya 16 na ya 17. Mwaka 1779 Duke wa Argyll aliwaandikisha watu wote wa ardhi yake, kijiji kwa kijiji, wakiwamo watoto na watumishi. Ni waraka wa thamani isiyo na kifani, na watu wa Mull waliokaa kwenye ardhi ya Duke wanaweza kuwakuta wazee wao humo na umri wao. Ulva haikuwa mali ya Duke. Mkondo mwembamba wa maji unaotenganisha Ulva na Mull ulitosha kuliacha kundi moja katika maandishi na kulitupa jingine katika ukimya. Ile kazi kubwa ya Sir John Sinclair, aliyewaandikia wachungaji wa parokia zote mwaka 1790 akiwauliza juu ya ardhi, mazao, kodi, maradhi na tabia za watu, ikatoa vitabu 21 kati ya 1791 na 1799, inazieleza parokia lakini haimtaji mkulima mdogo kwa jina. Ndiyo maana kumbukumbu ya vizazi sita kichwani mwa babu haikuwa anasa. Ilikuwa ndiyo daftari.

Uandikishaji wa lazima wa serikali ulianza Uskoti tarehe 1 Januari 1855. Katika mwaka huo wa kwanza cheti cha kifo kilidai mambo mengi ajabu: wazazi wa marehemu, mahali alipozaliwa, majina ya watoto wake. Makarani walilemewa na kazi, na mwaka uliofuata mahali pa kuzaliwa na majina ya watoto viliondolewa. Neil Livingstone, baba yake David, mzaliwa wa Ulva, alifariki Februari 1856. Mtafutaji wa nasaba hukiita kitu kama hiki bahati mbaya. Mwanahistoria ataona kwamba hata kumbukumbu za dola hutegemea uchovu wa mtu mwenye kalamu.

Kuhusu kuhama, utangulizi una sentensi chache tu: shamba halikutosha familia kubwa, basi babu akahamia Blantyre. Wanawe, waliosoma vizuri kwa kadiri ya elimu ya visiwani, walipokewa kiwandani kama makarani. Babu mwenyewe aliaminiwa kuchukua fedha nyingi kutoka Glasgow, na alipozeeka akalipwa kiinua mgongo. Kusoma hivi ni kama kusoma habari ya mtu aliyehama mtaa. Hakuna shinikizo, hakuna machozi. Historia ya mahali inatufundisha kupasoma pengo hilo kwa uangalifu. Ilikuwa yapata mwaka 1792. Ulva ilikuwa haijafutwa. Ukatili mkubwa ulikuja baadaye, Francis William Clark alipokinunua kisiwa mwaka 1835 na hasa baada ya njaa ya viazi ya 1846. Kisiwa kilichokuwa na watu zaidi ya 500 kilibaki na kama 150 ilipofika 1851. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba familia ya Livingstone ilifukuzwa Ulva wanachanganya nyakati, na kosa hili limeenea.

Hata hivyo neno "halikutosha" nalo linahitaji kuhojiwa. Shamba lisilotosha ni shamba ambalo kodi yake imepanda au mipaka yake imepunguzwa. Ardhi haipungui yenyewe. Katika miaka hiyo hiyo mabwana wa visiwani walikuwa wakitajirika kwa majani ya bahari, ambayo wapangaji waliyachoma ili kupata majivu ya kutengenezea sabuni na vioo, na upande wa kusini wenye viwanda walikuwa wakitafuta mikono. Kiwanda cha Blantyre kilianzishwa mwaka 1785 na David Dale pamoja na James Monteith. Dale ndiye yule aliyewapa kazi New Lanark watu wa nyanda za juu waliokuwa wakielekea Marekani mwaka 1791, merikebu yao ilipolazimishwa na dhoruba kurudi Greenock. Babu wa Livingstone hakusukumwa tu, alivutwa pia. Mjukuu, mwenye kuandika kwa ajili ya wasomaji waliojenga utajiri wao juu ya viwanda, anauonyesha mvuto na kuuficha msukumo.

Kuna ukimya mwingine mzito zaidi. Livingstone anaeleza kwa fahari ya haki jinsi alivyoingia kiwandani mwaka 1823 kuunganisha nyuzi zilizokatika, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, na jinsi alivyonunua kitabu cha sarufi ya Kilatini kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza. Chumba walimokaa wazazi na watoto katika jengo la Shuttle Row kilikuwa na urefu wa futi 14 na upana wa futi 10. Yote hayo ni kweli na yanastahili heshima. Lakini pamba ilitoka wapi? Katika miaka ya utoto wake sehemu kubwa ya pamba iliyosokotwa Uskoti ilivunwa na watumwa katika Amerika. Mtu aliyekuja kuitoa maisha yake kupinga biashara ya watumwa alikuzwa na uzi huo, na katika utangulizi wake uzi huo hauna asili. Katika kurasa hizo watu wana nasaba na pamba haina. Jumba la makumbusho la Blantyre, lililofunguliwa katika jengo lile lile mwaka 1929 likafanyiwa ukarabati na kufunguliwa tena mwaka 2021, sasa linaitaja habari hiyo mbele ya wageni. Hili twalihesabu kuwa uhakiki bora kuliko wasifu nyingi zilizoandikwa juu yake.

Tuseme neno juu ya ukoo wa mama. Katika utangulizi mama yuko kama mtu wa nyumbani mwenye wasiwasi wa kufikisha mwisho wa mwezi. Wazee wake hawapo. Nasaba ya vizazi sita ni ya upande wa baba tu, kama ilivyo desturi ya wasimulizi wa ukoo wa Kigaeli, na kama ilivyo desturi ya wengi wetu. Nyaraka za Uskoti zinamsahihisha mwandishi hapa, kwa kuwa huko mwanamke aliyeolewa aliendelea kuandikwa kwa jina la ukoo wake katika vitabu vya parokia, katika hati za sheria, hata juu ya kaburi. Tunajua basi kwamba aliitwa Agnes Hunter, binti wa fundi cherehani David Hunter, wa watu wa nyanda za chini walioteswa zamani kwa ajili ya imani yao. Desturi ya Uskoti ilikuwa mwana wa pili wa kiume apewe jina la babu mzaa mama. David alikuwa mwana wa pili, na babu huyo aliitwa David. Ukoo uliofichwa katika utangulizi umekaa juu ya jalada la kitabu, katika jina la mwandishi.

Tumtendee haki: alipoandika maneno ya kaburi la wazazi wake huko Hamilton, alimtaja mama kwa jina lake kamili, akamshukuru Mungu kwa kumpa wazazi maskini na wacha Mungu. Inasimuliwa kwamba alishauriwa aandike "lakini" badala ya "na", akakataa. Kiunganishi kimoja, na ndani yake kuna msimamo wote wa mtu. Katika sentensi ile aliweza kusema juu ya umaskini jambo ambalo utangulizi mzima haukuthubutu kulisema.

Sifa nyingine tunayompa ni hii. Anaposimulia hadithi za babu yake anasema zilifanana sana na zile alizozisikia baadaye akiota moto jioni pamoja na Waafrika. Kwa mwaka 1857 hilo si neno dogo. Wasafiri wengi wa Kizungu walizisikiliza hadithi zetu kama kelele za utoto wa binadamu. Huyu alizisikiliza kama mjukuu. Lakini karibu na maneno hayo hayo anamtaja mwanahistoria Macaulay, aliyewalinganisha watu wa nyanda za juu wa zamani na watu wa Rasi ya Afrika Kusini, na hapo ulinganisho unageuka ngazi: Waskoti walikuwa hivyo zamani, Waafrika ni hivyo sasa, basi Waafrika watapanda kama Waskoti walivyopanda. Macaulay mwenyewe, kwa njia, alikuwa mjukuu wa mchungaji aliyetoka visiwani huko huko. Wajukuu wawili wa Hebrides wanaulizana mbele ya wasomaji wa Kiingereza ni kwa umbali gani wameachana na babu zao. Ulinganisho wa motoni ni wa udugu, ulinganisho wa Macaulay ni wa daraja, na Livingstone hakuchagua kati yake hadi kufa.

Linganisha na mtu mwingine aliyekutana naye mwaka 1867 katika nchi ya Itabwa: Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip. Wanafunzi wa Kiswahili wanayajua Maisha yake katika chapa ya Whiteley. Humo Tippu Tip anaeleza bila haya jinsi alivyomwendea mtawala mzee wa Utetela akajitambulisha kuwa ni wa damu yake, mjukuu wa binti wa ukoo ule aliyetekwa vitani zamani, na kwa neno hilo akakabidhiwa nchi. Huyu alijua nasaba ni ufunguo, akautumia mlangoni, na akatwambia kwamba aliutumia. Livingstone naye aliutumia mlangoni mwa msomaji wake, ila hakutwambia.

Maana wosia wa Ulva, ambao tumeuahirisha hadi hapa, ndio ufunguo wenyewe. Mzee mwenye busara anakaribia kufa. Anawakusanya wanawe, anasema amechunguza mapokeo yote ya familia na hakumpata hata mtu mmoja mdanganyifu. Basi yeyote kati yao akidanganya, asisingizie damu. Anawaachia amri ya kuwa waaminifu. Livingstone anasema katika mapokeo yote ya ukoo wake hilo ndilo pekee linalompa fahari, kisha anageuka kwa msomaji na kuomba kwamba makosa yatakayoonekana kitabuni yahesabiwe kuwa makosa ya mtu mwaminifu. Tazama ufundi wake. Ushujaa wa Culloden umewekwa pembeni, jina limewekwa pembeni. Kilichobaki ni dhamana. Wazee wote wa vizazi sita wanaitwa kusimama nyuma ya kila kurasa inayofuata. Na mzee wa wosia ni mtafiti pia: amepekua, amelinganisha, hakuona. Mwandishi anamwazima babu ili awe mhakiki wa kwanza wa kitabu, na hukumu imekwisha kutolewa kabla hatujasoma.

Sisi wa Kongo tuna sababu ya kutokubali dhamana hiyo bila kuipima. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa Dugumbe walifyatua bunduki katika soko la Nyangwe, na mamia ya watu, wengi wao wanawake, waliuawa kwa risasi au walizama Lualaba. Livingstone alikuwepo. Habari yake, iliyofika Uingereza na kuchapishwa tena mwaka 1874 katika shajara za mwisho zilizotengenezwa na Horace Waller, iliamsha hasira kubwa na kuchangia kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Kwa muda mrefu ilisomwa kama neno la mtu asiyeweza kudanganya. Hata wasiojua wosia wa Ulva waliuamini. Mwaka 2011 watafiti walioongozwa na Adrian Wisnicki walitoa matokeo ya kupiga picha kwa mianga mbalimbali zile kurasa za gazeti alizoziandikia siku zile zile, ambazo wino wake ulikuwa umefifia kabisa. Ilionekana kwamba maandishi ya kwanza na yale aliyoyanakili baadaye katika shajara yake kubwa hayalingani kila mahali, hasa pale yanapogusa mwenendo wa wafuasi wake mwenyewe, wale watumwa wa Mabaniani aliopelekewa kutoka pwani. Mwandishi alipokuwa akinakili alipunguza na kulainisha.

Hatudai zaidi ya hapo, na wala hatuoni kwamba mauaji yanakuwa madogo kwa sababu shahidi alirekebisha maneno yake. Tunachodai ni cha kihakiki. Ukweli wa Nyangwe umepatikana kwa kupambanisha waraka na waraka, si kwa kuwaita wazee wa Ulva washuhudie. Na ajabu ni kwamba wosia wenyewe, ukisomwa vizuri, unaruhusu hivyo: mzee hakusema wanawe hawatadanganya, alisema wakidanganya itakuwa ni wao wenyewe.

Mwaka 1864, kabla ya safari yake ya mwisho, Livingstone alikwenda Ulva kuitazama nyumba ya babu, akakuta magofu. Kuna pango kisiwani ambalo bado huitwa kwa jina la familia, kwa kuwa inasemekana walikaa humo walipokuwa wakijenga. Mwaka 2018 kisiwa kilinunuliwa kwa niaba ya wakazi wa eneo lile kwa msaada wa fedha za umma. Waliobaki kukaa humo walikuwa hawafiki kumi. Mgeni mwenye orodha ya majina anaweza kuonyeshwa pango, kuta, na kanisa lililojengwa kwa mchoro wa Thomas Telford. Kwa wale wa Nyangwe, shajara inatupa makadirio ya waliokufa, kati ya 330 na 400, inatupa vikapu vya samaki na vyungu vya mafuta ya mawese walivyokuja navyo sokoni, inatupa majina ya waliofyatua. Mwanamke hata mmoja wa soko hakuandikwa jina lake, wala la baba yake, wala la kijiji alichotoka asubuhi ile.